Tumelipa, lakini jina la tovuti limezimwa

Mbukwenyi kaka mshauri,

Mimi ni mhasibu wa lodge ya vyumba 18 hapa Area C, Dodoma. Tuna majina mawili ya tovuti. La kwanza ni la .com, ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye risiti na kwenye barua pepe zetu zote. La pili ni la .co.tz, tulilinunua baadaye ili mtu akiliandika apelekwe kwenye lile la kwanza.

Tarehe 4 Mei asubuhi dada wa mapokezi aliniambia tovuti imegeuka: ukiifungua unakuta ukurasa wa matangazo na jina letu juu yake. Tangu siku hiyo barua pepe hazifiki. Huu ni msimu wa Bunge la Bajeti, taasisi zinaomba profoma na kushika vyumba kwa barua pepe, na wateja wawili wamenipigia kwamba barua zao zinawarudia.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba tulilipa. Februari tuliilipa kampuni ya Dar es Salaam inayotunza tovuti yetu shilingi 210,000 za mwaka mzima, risiti ya EFD ninayo. Tarehe 6 Mei nililipa shilingi 30,000 za lile la .co.tz, ambalo muda wake unaisha tarehe 28 mwezi huu, lakini kwenye akaunti yetu ankara bado inasomeka haijalipwa. Halafu mkurugenzi amepokea kwenye barua pepe yake binafsi madai ya dola 86 kutoka kampuni ya nje. Wanasema tusipolipa ndani ya siku tatu jina letu litaondolewa. Anataka nilipe ili tovuti irudi.

Kijana aliyetutengenezea tovuti mwaka 2021 amehamia Mwanza, na tunaongea naye vizuri. Anasema .com aliinunua kwa msajili wa nje, yaani kampuni inayouza majina ya tovuti, na aliiweka ijilipe yenyewe kwa kadi yake ya mtandaoni ya simu. Neno la siri amelisahau, na akiomba jipya linatumwa kwenye info@ ya jina letu, ambayo ndiyo hiyo haifanyi kazi. Kijana wa ofisini ameangalia rekodi ya jina mtandaoni, anasema inaonyesha litaisha tarehe 2 Mei mwakani. Kama halijaisha, kwa nini limezimwa? Nilipe nini kwanza, nimlipe nani, na nifanye nini haya yasijirudie?

Mhasibu, Area C, 15 Mei

JIBU

Dada, zile dola 86 usizilipe, na mkurugenzi mwambie leo hii. Sababu nitaieleza nikifika huko. Kwa ulivyoeleza, jina lenu la .com halijapotea na inawezekana kabisa kulirudisha kwa ada ya kawaida, ila siku zake zinahesabika. Liliisha tarehe 2, wewe umeandika tarehe 15. Siku 13 zimeshakwenda.

Nianze na ile rekodi, maana hapo ndipo watu wengi hutulia wakidhani mambo ni salama. Jina la .com likifika siku yake ya mwisho, sajili kuu, yaani kampuni ya Verisign ya Marekani inayotunza daftari la majina yote ya .com, hailifuti. Inaliongezea mwaka mmoja papo hapo na kumtoza msajili wenu ada yake. Msajili naye ana siku 45 za kuamua. Mteja akilipa, ule mwaka unabaki. Asipolipa, msajili analifuta jina na kurudishiwa fedha zake. Kwa hiyo huo mwaka mnaouona pale ni hesabu ya makampuni mawili, haujawa wenu bado.

Mwambie kijana arudi kwenye lookup.icann.org, aandike jina tena, na safari hii asome mstari wa hali ya jina. Akikuta neno autoRenewPeriod, mko ndani ya zile siku 45. Akikuta redemptionPeriod, msajili ameshalifuta na itabidi mlikomboe. Neno pendingDelete ni siku tano za mwisho kabla jina halijaachiwa, na katika siku hizo si ninyi wala msajili mwenye uwezo wa kulizuia. Kwenye rekodi nyingi kuna pia tarehe ya pili ya kuisha, iliyoandikwa na msajili mwenyewe. Hiyo ya msajili ndiyo inayowahusu. Anakili na jina la msajili kama lilivyoandikwa, tutalihitaji.

Msihesabu siku 45 kama haki yenu. Huo ni muda wa juu kabisa ambao sajili kuu inampa msajili. Ninyi mnapewa kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake. Wasajili wengi huliingiza jina mnadani kabla siku hizo hazijaisha, na mnada huo unafanyika mtandaoni bila mwenye jina kuitwa. Likishafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, na hapo gharama hupanda ghafla: kwa .com, Verisign humtoza msajili dola 40 za ukombozi, nje ya ada ya mwaka, na msajili huongeza zake juu. Wakati huu huu, ndani ya siku za mwanzo, kwa kawaida mnalipa ada ya mwaka tu.

Hata kuzimwa kwa tovuti kuna maana yake. ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti duniani, kinamtaka msajili akate jina lililoisha kabla hajalifuta, ili mwenyewe ashtuke. Kinamtaka pia atume notisi mbili kabla ya siku ya mwisho, moja kama mwezi mmoja kabla na nyingine kama wiki moja kabla, kisha ya tatu ndani ya siku tano baada ya jina kuisha. Kwenu ninyi, mbili za kwanza ziliingia info@ mwanzoni mwa Aprili na mwishoni mwa Aprili. Ya tatu, kama ilikuta jina limeshakatwa, haikuwa na pa kufikia.

Sasa ile 210,000 ya Februari. Hukulipa bure, ila ulilipia kitu kingine. Fikiria sanduku la posta. Jengo la lodge lipo na kodi ya pango imelipwa, lakini sanduku lina ada yake ya kila mwaka, inayolipwa Posta. Ada ya sanduku isipolipwa, barua haziji hata kama jengo linang'aa. Kampuni ya Dar es Salaam inawapangisha nafasi kwenye seva, yaani hostingi, na humo ndimo kurasa za tovuti na barua pepe za zamani zinakaa. Jina, au domeni, limekodiwa kwa msajili wa nje, na hajapata kitu. Soma mistari ya ankara ile ya Februari: kama jina la .com halikutajwa kwa maandishi pamoja na idadi ya miaka, halikuwemo.

Hilo lina faida moja kwenu. Kwa kuwa hostingi imelipwa, barua zenu zote za zamani zipo salama kwenye seva. Ipigie simu kampuni ya hostingi, omba anuani ya kuingilia kwenye barua pepe isiyotumia jina lenu, ile ya seva yao wenyewe. Ukiingia info@, tafuta jina la msajili mliloliona kwenye rekodi. Utapata zile notisi za Aprili, na ndani yake kuna namba ya mteja, namba ya ankara, na mara nyingine kiungo cha kulipia moja kwa moja bila neno la siri. Kiungo kikifunguka na jina la msajili likawa ndilo lile lile la kwenye rekodi, lipa hapo hapo na kazi ya leo imekwisha.

Kisipofunguka, kijana wa Mwanza aandike kwa dawati la msaada la msajili leo, kutoka kwenye Gmail yake, nawe uwekwe kwenye nakala. Asiandike hadithi ndefu. Ataje jina la domeni, namba ya mteja, tarehe lilipoisha, na aseme barua pepe ya akaunti ipo kwenye jina hilo hilo lililokatwa, hivyo hawezi kupokea neno jipya la siri. Aombe mambo mawili kwa mpangilio huu: kwanza ankara ya kuhuisha itumwe kwenye Gmail ili ilipwe, pili barua pepe ya akaunti ibadilishwe. Aambatanishe kitambulisho chake, na ushahidi wa malipo yaliyopita. Ujumbe wa simu wa kadi yake ya mtandaoni wa mwaka jana, unaoonyesha tarehe, kiasi na jina la msajili, ni ushahidi mzuri, na tarakimu nne za mwisho za kadi hiyo mara nyingi ndizo wanazouliza. Kama kwenye sehemu ya mwenye jina iliandikwa lodge yenu, ongeza cheti cha BRELA, TIN na leseni ya biashara. Wasajili wengi wana mazungumzo ya papo kwa papo kwenye tovuti yao. Yanaharakisha kuliko barua.

Hapa nisisitize jambo moja. Mtashawishika kulihamishia jina kwa msajili wa hapa nchini ili mwachane na dola na maneno ya siri. Nia ni njema, lakini si wiki hii. Ukihamisha jina la .com ndani ya zile siku 45 ukiwa umeshalihuisha, ule mwaka uliolipia kwa msajili wa kwanza unafutwa, kwa kuwa uhamisho wenyewe unaongeza mwaka mmoja tu; utakuwa umelipa mara mbili kwa mwaka mmoja. Tena, kubadilisha jina la mmiliki kwenye rekodi kunaweza kulifunga jina lisihame kwa siku 60. Lipeni kwanza. Lifufuke. Rekebisheni barua pepe na mmiliki. Uhamisho mfikirie Agosti, Bunge la Bajeti likiwa limekwisha na mapokezi wana nafasi ya kupumua.

Nije kwenye .co.tz. Fungua ile ankara uisome hadi chini. Kwa kiasi ulicholipa, karibu nina hakika utakuta bei ni 30,000, chini yake VAT ya asilimia 18 ambayo ni 5,400, na jumla ni 35,400. Mifumo ya ankara ya wasajili haina huruma na pungufu: ikiingia 30,000 inakaa kama salio, ankara inabaki haijalipwa, na amri ya kuhuisha haitumwi kwenye sajili. Lipa zile 5,400 na uandike namba ya ankara kwenye kumbukumbu ya malipo. Ukikuta jumla ni 30,000 kamili, tatizo ni la upande wa pili: malipo ya lipa namba au ya benki mara nyingi yanasubiri mtu ayaone na kuyabandika kwenye ankara yako kwa mkono. Watumie picha ya muamala na namba ya ankara, kisha uwapigie. Kabla hujabonyeza namba ya siri ya simu, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi usiyemfahamu, acha.

Kwa .co.tz usitegemee hesabu za siku nilizozitaja juu. Zile ni za .com na ndugu zake walio chini ya ICANN. Majina ya .tz yana kanuni zao, sajili yake iko chini ya TCRA, na ninyi mnalipia kupitia msajili aliyeidhinishwa. Ichukulieni tarehe 28 kuwa ndiyo mwisho. Na msajili akiwazungusha wakati mmelipa kamili, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma, nendeni na risiti na ankara mkononi.

Dada, kama kuna sentensi moja ningependa uibandike juu ya meza yako ni hii: risiti inathibitisha kwamba fedha zimetoka, kwamba jina limehuishwa inathibitisha sajili. Kati ya hizo mbili kuna mtu au mfumo wa kusukuma amri, na hapo ndipo majina mengi yaliyolipiwa hufia. Kila ukilipa, subiri siku moja, kisha fungua rekodi. Kwa .com soma tarehe ya msajili, na hakikisha ameandika kwa maandishi kwamba ankara imelipwa. Kwa .co.tz soma tarehe kwenye whois, yaani ukurasa wa kutafutia rekodi za majina, ya sajili ya .tz. Chapisha ukurasa huo, uweke kwenye faili pamoja na risiti ya EFD. Mkaguzi akija ataipenda hiyo karatasi kuliko maelezo.

Zile dola 86 sasa. Madai ya namna hii huenda kwa wenye majina duniani kote, na wanaoyatuma wana orodha za majina yaliyokaribia kuisha. Alama zake hazibadiliki sana. Aliyetuma si msajili aliyeandikwa kwenye rekodi yenu. Kiasi ni mara kadhaa ya ada ya kawaida. Bei ambayo Verisign yenyewe inawauzia wasajili mwaka mmoja wa .com ilipanda Septemba 2024 kuwa dola 10.26, wao huongeza faida yao juu, na bado kufika 86 ni mbali. Muda ni mfupi wa kutisha. Ukisoma kwa makini utakuta wanauza kitu kingine kabisa, kama kuorodheshwa kwenye injini za kutafuta, na mahali fulani kwa maandishi madogo wameandika kwamba hii si ankara. Wengine huficha ndani yake ridhaa ya kuhamisha jina kwenda kwao. Mkilipa, tovuti haitarudi, na jina litaendelea kuhesabu siku. Kanuni ya ofisi iwe nyepesi: hakuna anayelipwa kwa ajili ya jina ila msajili aliye kwenye rekodi au wakala wake mnayemjua. Nasema wakala kwa sababu kampuni nyingi za hapa nchini huuza .com kwa niaba ya msajili mkubwa wa nje. Ukikuta rekodi inataja kampuni ya nje na wewe ulinunua Dar es Salaam, usishtuke, waulize tu wathibitishe.

Mkishalipa .com, msitegemee kila kitu kurudi dakika hiyo hiyo. Msajili alipolikata jina alibadilisha nemuseva, yaani seva zinazojibu jina hilo liko wapi, akaweka zake za matangazo. Kwa kawaida hurudi zenyewe baada ya malipo. Zisiporudi, kampuni ya hostingi itawapa zile mbili za kuandika. Majibu ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu za mitandao kwa saa kadhaa, mara nyingine hadi siku mbili. Jaribu kwa data ya simu, siyo kwa WiFi ya ofisi pekee, maana ruta nayo hukumbuka. Tovuti ikifunguka na onyo la usalama, ni cheti cha tovuti kimeisha wakati jina limelala. Vyeti vingi vya bure hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe pale tu jina linapofanya kazi. Kampuni ya hostingi itakitoa upya. Mwisho jitumie barua kutoka Gmail kwenda info@, kisha uijibu, ili uwe na uhakika wa kwenda na kurudi. Barua zilizowarudia wateja hazitakuja tena zenyewe. Wapigie wale wawili, na pitia orodha ya taasisi zinazowaletea wageni kila mwaka, uwaombe watume upya. Hadi jina lirudi, mapokezi watoe anuani ya Gmail na namba ya simu.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi ya vyumba vilivyokosa wageni. Jina likichukuliwa na mtu mwingine, huyo anaweza kufungua info@ yake mwenyewe kwenye jina lenu na kuanza kupokea barua zenu. Akienda kwenye akaunti yoyote iliyosajiliwa kwa info@ na kuomba neno jipya la siri, litamfikia yeye. Kaeni leo muandike orodha: mitandao ya kuhifadhi vyumba, kurasa za Facebook na Instagram, huduma za benki mtandaoni, akaunti za kodi. Kila moja iwe na barua pepe ya pili iliyo nje ya jina lenu, au namba ya simu ya ofisi.

Sasa kadi. Kijana alifanya vizuri kuweka jina lijilipe lenyewe, lakini kadi ya mtandaoni ya simu huwa na fedha pale tu mtu anapoijaza. Msajili hujaribu kukata kabla ya siku ya mwisho, mara nyingine wiki kadhaa kabla, anakuta sifuri, anajaribu tena, anaacha. Kadi za benki nazo zina mitego yake: imefika tarehe ya kuisha na namba mpya haijawekwa, manunuzi ya mtandaoni yamefungwa na benki, au benki inadai namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu wakati hakuna mtu mbele ya skrini kuiandika. Kwa hiyo kujilipa kuwe akiba ya pili. Malipo ya msingi uyafanye kwa mkono wako, siku 40 kabla. Hupotezi kitu kwa kuwahi, mwaka unaongezwa juu ya tarehe iliyopo, hauanzi siku uliyolipa. Ukijaza kadi kwa ajili ya dola, weka ziada ya kama asilimia 10 kwa tofauti ya kubadilisha fedha na makato ya benki. Pungufu ya senti chache inatosha kukataliwa. Na msajili wa hapa nchini akikuandikia bei kwa dola, mkumbushe kanuni za Machi 2025 zinazokataza bei na malipo ya fedha za kigeni kwa huduma za ndani.

Pia lipieni miaka mingi kwa pamoja. Jina la .com linaruhusu hadi miaka 10 mbele. Kwa biashara kama yenu ningependekeza miaka mitatu: inatosha kupunguza usumbufu, na haipiti muda mrefu mno hadi kila anayeijua akaunti awe ameshaacha kazi. Usiwe na haraka ya kuacha moja ya majina ili kubana matumizi. Lililo kwenye kibao na kwenye kadi za wageni lihuisheni kila mara, na lile la pili pia, kwa sababu gharama ya kulishika ni ndogo kuliko ya kumwona mwingine analitumia kwa jina la lodge yenu.

Wala msione aibu. Desemba 1999 Microsoft yenyewe ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watu Hotmail, watumiaji wa Hotmail wakafungiwa nje, na aliyelipa ile ada ya dola 35 alikuwa mtaalamu wa kompyuta asiye mfanyakazi wao.

Kwa mwakani, chukua daftari au jedwali la Excel. Andika kila jina, msajili wake, namba ya mteja, barua pepe ya akaunti, nani ana neno la siri, tarehe ya kuisha, na kiasi kilicholipwa mara ya mwisho pamoja na kodi. Kumbuka saa za kwenye rekodi ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza saa tatu: jina linaloisha tarehe 2 saa 21:10 kwa UTC, hapa kwetu ni saa sita na dakika kumi usiku wa kuamkia tarehe 3. Weka ukumbusho kwenye kalenda ya simu yako na ya mkurugenzi, siku 60, siku 40 na siku 10 kabla. Fungueni Gmail ya ofisi, isiyo ya mtu, ambayo ndiyo itakuwa barua pepe ya kila msajili, na watu wawili waweze kuifungua. Mkiweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya ziada inayoulizwa baada ya neno la siri, usiwe kwenye laini ya mfanyakazi. Chapisheni zile namba za dharura wanazozitoa, ziwekwe kwenye faili pamoja na leseni ya biashara.

Na kijana wa Mwanza amekuwa akilipa kwa kadi yake tangu 2021. Kabla hamjamwomba aikabidhi akaunti, mpigie hesabu ya miaka yote aliyolipa, mrudishieni, kisha mwandikiane ukurasa mmoja unaosema jina ni la lodge na akaunti imekabidhiwa tarehe fulani. Sahihi yake muipate sasa, wakati bado mnaongea vizuri.